Keza Yupo

Keza wangu,

Sitakuandikia habari za baridi ya Johannesburg, wala za kufunga mlango ukirudi kutoka kazini. Shangazi yako amekwisha kukuambia hayo yote leo kule kwake Kibagabaga, na ninavyomjua amerudia. Mimi nina neno moja tu, nalo nimelikalia tangu ulipomaliza sekondari. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia, shuleni Karagwe, tulipokuwa wakimbizi. Kinyarwanda changu ni cha kusema na cha kumwomba Mungu. Kiingereza changu ni cha ofisini, na kwa Kiingereza ningejitetea vizuri mno.

Barua hii sitaitia kwenye begi lako uisome angani nikiwa salama huku chini. Nitakupa kesho pamoja na chai, nami nitakaa hapo hapo mezani. Ukitaka kuninunia, uninunie nikikuona.

Juzi nilikusikia ukimtaja bibi yako kwenye simu kule nyuma, karibu na kamba ya nguo. Ulisema, "Naenda kujaribu tu. Nyogokuru akizidiwa, narudi." Baadaye nikafungua kabati lako nikitafuta shuka, nikakuta nusu ya nguo zako bado zimetundikwa. Umepata kazi ambayo wengi wameiomba, benki kubwa inayoendesha mambo yake kwenye kompyuta kuu kama ya kazini kwangu, wanataka vijana wa kushika mahali pa wazee wanaostaafu, na wewe unakwenda nusu. Nilisimama mbele ya kabati na shuka mkononi, nikaona aibu. Ile nusu inayobaki ni mimi niliyeifunga kamba, na nitakueleza nilivyoifunga.

Lazima nianzie kwenye mashine. Haya mengi unayajua, nimekufundisha mwenyewe kwenye meza hii, lakini nivumilie. Unajua kwamba kompyuta kuu si kama hizi za kubebwa mkobani, ambazo kila mwaka zinakuambia programu yako imezeeka. Pale kazini kuna programu iliyoandikwa kabla sijazaliwa, na bado inafanya kazi bila kunung'unika. Siri yake ni ahadi. Mtengenezaji wa mfumo endeshi anaandika vitabu, na ndani ya vitabu anaeleza milango: ukitaka kitu fulani, uliza hivi, utajibiwa hivi. Mlango ulioandikwa kitabuni atauheshimu hata akijenga nyumba nzima upya. Ule usioandikwa hakukuahidi. Unaweza kuukuta wazi ukapita miaka na miaka, lakini siku akiuziba huna wa kumlalamikia.

Hayo nilikufundisha. Sikukuambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na mlango wangu wa aina hiyo.

Kampuni yetu, kama unavyojua, inaandaa mishahara na mafao ya wazee kwa niaba ya makampuni mengine. Kazi ya makato lazima iishe kwanza, ndipo kazi ya malipo ianze. Kulikuwa na njia iliyoandikwa ya kuuliza kama makato yameisha, nayo ilikuwa ya polepole: unauliza, unangoja zamu yako, unajibiwa. Mimi wakati huo nilikuwa na haraka na nilipenda sifa. Nikaichapisha kumbukumbu ya mashine kwenye karatasi, rundo la kutosha kuwashia jiko mwezi mzima, nikaisoma na kalamu nyekundu mkononi. Nikagundua kwamba ndani kabisa, katika majedwali ambayo mfumo unajitunzia wenyewe, kuna baiti moja, chembe ndogo ya kumbukumbu, inayobadilika kila kazi inapoisha. Kitabuni, mahali pale pameandikwa neno moja tu: imehifadhiwa. Maana yake, mwenyewe yupo, usiguse. Nikaifundisha programu yangu iwe inachungulia pale pale. Malipo yakaanza kutoka mapema, mkubwa akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikatabasamu kama mtu asiye na neno moyoni.

Unamkumbuka yule fundi viatu wa Kimisagara aliyejenga kibanda kwenye ukanda wa barabara? Alikaa pale mpaka akakiezeka upya kwa bati. Watu wa barabara walipokuja na vigingi vyao alilia kwamba hakuna aliyewahi kumkataza. Nilimcheka jioni ile tukila, nawe ukaniambia si vizuri kucheka. Ulikuwa sahihi, tena kuliko ulivyojua.

Sasa Gaspard. Unamfahamu kwa sauti tu, yule anayenipigia simu na kukuita "mama mudogo" ukipokea. Yeye ndiye anayeutunza mfumo endeshi wetu. Amekulia Bukavu, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama kule. Mwaka ule ulipomaliza sekondari alipewa kazi ya kuweka toleo jipya la mfumo. Kabla hajaliweka alituita sote waandishi wa programu, akasimama mbele yetu na kikombe chake, akasema, "Kama mtu iko na kitu anatumia yenye haiko mu kitabu, aniambie sasa. Sitakasirika."

Nilikuwa nimekaa karibu naye, ningeweza kumgusa mkono. Nikatazama kucha zangu. Nilijiambia kwamba imefanya kazi miaka yote hii, itashindwaje leo? Lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Sifa zote nilizopewa zilikuwa juu ya ile baiti moja, na nisingeweza kuisema bila kuzirudisha. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi niliuficha.

Toleo jipya likawekwa. Jedwali lile la ndani likaongezwa vitu, na baiti yangu ikasogea. Programu yangu ikaenda kuchungulia mahali pale pale, ikakuta kitu kingine kabisa, ikaamini makato yameisha wakati hata nusu hayajafika. Ikaanza kuandaa mafao. Tuliizuia kabla haijapeleka chochote nje, lakini kila kilichotoka kilikuwa kibovu, na wazee wa watu walikuwa wanangoja.

Keza, ilikuwa siku ya kuamkia usaili wako.

Usaili ule wa kwenda kusoma nje, uliouombea kwa miezi. Nyogokuru alikuwa amevunjika nyonga, hawezi hata kugeuka kitandani bila mtu. Nilikuwa nimekuambia, "Wewe oga, vaa, nenda. Hata kazi ikinikesha, nitakuwa hapa kabla hujamaliza kunywa chai." Nilikuambia kwa mdomo huu. Hiyo ilikuwa ahadi iliyoandikwa, kama ahadi zinavyoandikwa kati ya mama na mtoto.

Ilipoharibika ilikuwa bado jioni. Gaspard alikuja, akatazama, akasema, "Mama Keza, turudishe ya zamani? Tunazima, tunawasha na diski ya zamani, kazi yako inatembea. Kesho tunatafuta kosa pole pole." Alikuwa na haki kabisa. Diski ya zamani ilikuwa imewekwa kwa ajili ya jambo kama hilo. Ningesema ndiyo, ningelala kitandani mwangu.

Nilisema, "Ngoja kidogo."

Nilijua tangu mwanzo ni nini. Nilikuwa najifanya natafuta tu. Lakini tukirudisha mfumo wa zamani, programu yangu itapona papo hapo, na kila mtu ataona kwamba katika programu zote ni yangu peke yake iliyokataa toleo jipya. Wataniuliza kwa nini. Kwa hiyo nikataka kwanza niitafute ile baiti ilikohamia, nibandike kiraka kimyakimya, niseme limekwisha. Kila Gaspard alipokuja mlangoni nilisema ngoja kidogo. Chumba cha mashine kina baridi, unakijua. Nilivaa sweta mbili. Kulikucha nikiwa bado nasoma karatasi.

Simu ilikuwa mfukoni mwa sweta. Sikukupigia. Nataka ulisome hili taratibu, kwa maana ndilo hasa ninalokuandikia. Sikusahau. Nilijua nikipiga utaniuliza, "Mama, unakuja?" na nitalazimika kujibu. Nisipopiga, najua utakaa, kwa kuwa mtu kama wewe hamwachi kikongwe peke yake kitandani akaenda zake. Asubuhi Gaspard aliniletea chai akaniuliza nani yuko na mama yangu nyumbani. Nikamjibu bila hata kuinua macho, "Keza yupo."

Niliipata ile baiti, nikabandika kiraka, nikafika nyumbani mchana. Ulikuwa umeketi ukingoni mwa kitanda unamlisha Nyogokuru uji. Ulikuwa bado umevaa ile sketi ya bluu aliyokushonea Fundi Hamisi, na juu yake umejifunga kitenge isichafuke, kana kwamba bado utatoka. Usaili ulikwisha kupita. Ningeweza kusema ukweli pale. Badala yake nikatupa mkoba kitini na kusema, "Wamebadilisha mfumo bila kutuambia. Wametuharibia kabisa." Ukanitazama. Ukasema, "Ihangane, Mama, jipe moyo. Si kitu." Halafu ukaenda kunipashia maharage.

Nilikula. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba nilikula na nikaomba nyongeza.

Hawakubadilisha bila kutuambia. Walituambia, na Gaspard alituuliza kwa upole. Siku chache baadaye alikiona kiraka changu, akanifuata mezani, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Ungeniambia jioni ile, sisi wote tungekula nyumbani." Nikaenda mwenyewe kwa mkubwa nikamweleza, akanikaripia kama nilivyostahili, akaniambia niandike upya kwa kutumia mlango wa kitabuni. Kazi hiyo niliimaliza mchana mmoja. Na ile njia ya polepole niliyoikimbia miaka yote, unajua ilituchelewesha kiasi gani? Muda wa kunywa kikombe cha chai, tena yenye moto.

Kwa hiyo ofisini nilisema ukweli. Kwako, niliyekukosea zaidi, sikusema. Uliandika kuomba nafasi nyingine, hawakujibu. Nikakusikia siku moja ukiwaeleza rafiki zako uani, "Ile kampuni ya mashine ilimponza Mama, maskini, hakulala." Ulikuwa unanitetea. Nilipita katikati yenu na beseni la nguo, nikasema habari zenu, nikaenda kuanika.

Kosa la mashine nililisahihisha. La nyumbani nililiendeleza, na hapo ndipo ninapokosa usingizi. Maana baada ya siku ile niligundua kwamba mlango upo wazi. Nilitumwa mafunzo Nairobi nikaenda, Keza yupo. Kazi za wikendi nikazikubali, Keza yupo. Ulichukua masomo ya jioni hapa mjini, mchana wote uko na Nyogokuru, na mimi nikawaambia watu kanisani kwamba binti yangu anampenda mno bibi yake, hataki kutoka. Tangu baba yako alipotutoka sikuwahi hata mara moja kukaa nawe nikakuuliza: utaweza? Unataka? Mpaka lini? Nyogokuru akiita, "Keza!" nasikia kutoka chumbani kwako, "Karame!" kama tulivyolelewa kumwitikia mkubwa, nami nageukia upande wa pili wa mto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wako ulikuwa mwepesi sana mgongoni kwangu.

Kuna jambo moja la mashine hizi ambalo watu wa nje hawalijui. Wakati mwingine waandishi wa programu wengi wanaupata mlango ule ule usioandikwa, wanaujengea, wanauzoea, mpaka mtengenezaji anashindwa kuuziba. Hakuuahidi, hakuuandika, lakini akiugusa vitaanguka vya wengi. Basi anabaki ameubeba kutoka toleo hadi toleo, na hawezi kujenga alichotaka kujenga mahali pale. Nilipokuwa kijana nilidhani huo ni ushindi wetu. Juzi, mbele ya kabati lako, nilimwonea huruma mtengenezaji.

Huko uendako utaikuta milango hiyo, kila mashine ya zamani inayo, na mingine itakuwa imeachwa na watu waliokwisha kustaafu wakiwa na sifa zao. Kutakuwa na Gaspard wa huko naye, atasimama na kikombe chake aulize. Nyosha mkono, hata kama ni siku yako ya kwanza. Na wakikuzoea wewe, wakaanza kukuachia mambo bila kukuomba kwa kuwa hulalamiki, hiyo tabia umeitoa kwangu, nami naomba uirudishe hapa hapa Nyakabanda.

Sasa nikuambie nilichofanya, usije ukadhani ni maneno matupu. Nimeomba kazini nifanye asubuhi tu, wamekubali. Shangazi yako atakaa na Nyogokuru saa hizo. Nilimwomba, akasema alikuwa anangoja kuombwa. Kisha nikaanza kumjifunza mama yangu mwenyewe, na Keza, nilikuwa mjinga! Wiki mbili hizi, kila ulipotoka, nilimpa uji akaufunga mdomo. Nikaongeza sukari, akaufunga. Nikabadilisha kikombe, akanitazama kama mtu aliyekuja kuuza sabuni. Nilikaribia kukupigia simu nikuulize, halafu nikaona nimeanza tena kuchungulia. Nikamuuliza mwenyewe: "Mama, unautakaje?" Akasema, "Na kijiko. Na redio kwanza." Ndiyo hivyo tu. Miaka yote hiyo kijiko na redio, nami sikujua.

Na kitanda cha Nyogokuru. Leo ulipokwenda Kibagabaga, mimi na Fundi Hamisi tulikitoa chumbani kwako tukakiingiza chumbani kwangu. Uliporudi uliuliza kwa nini, nikakujibu, "Huku kuna hewa." Hata hapo nilidanganya, ona tabia isivyokufa. Hewa ni ile ile. Nimekihamisha ili akiita, aliye karibu niwe mimi.

Sikuombi unisamehe kesho kwenye chai. Hasira yako ina haki ya kupanda ndege na kukaa huko muda inaotaka. Nakuomba kitu kimoja: usiniambie "Si kitu." Kilikuwa kitu. Kilikuwa usaili wako, na sketi ya bluu, na asubuhi nzima ukisikiliza kama pikipiki inayosimama nje imenileta. Zitoe zile nguo kabatini, zote. Akizidiwa nitakuambia ukweli, nawe utaamua kama mtu anayeulizwa. Lakini usiende kule ukiwa umekaa mkao wa kurudi.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Sasa hivi Nyogokuru ameita. Ameita, "Keza!" na nimesikia kiti chako kikisogea kule chumbani, hata zipu ya begi hujaimaliza. Nimeweka kalamu chini nikapiga hatua za haraka nikafika kabla yako, nikasema, "Karame, Mama." Alitaka ageuzwe tu. Nimemgeuza, vibaya kidogo, akaguna. Kisha akanitazama usoni akasema, "Nilimwita Keza."

Nikamwambia, "Keza anafunga begi lake, Mama. Mimi nipo."

Mama yako